Kutoka Grogon hadi Dagoretti: Bodaboda na Nafasi Zake

Ukibandua kifuniko cha pembeni cha Bajaj Boxer utakuta kijisanduku kinachotosha spana tatu nne, spana ya plagi na kitambaa cha kufutia mikono. Chini ya kiti kuna upenyo wa kuingiza karatasi za bima zikikunjwa vizuri. Nafasi aliyoipanga mwenye kiwanda inaishia hapo. Koti la mvua, helmeti ya abiria, chaja ya simu, chakula cha mchana na mzigo wa mteja vimeachiwa dereva na mafundi wa jiji wavitafutie mahali.

Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imeshika, nilisafiri magharibi mwa Nairobi nyuma ya madereva wa bodaboda, kuanzia ukingo wa katikati ya jiji hadi kwenye machinjio ya Dagoretti. Nilitaka msomaji asiyelijua jiji hili alione kutoka pale wakazi wake wengi wanapolionea, yaani kiti cha nyuma, mfuko ukiwa mapajani na kanyagio la chuma chini ya soli.

Pikipiki hizi hazikuwapo kwa wingi zamani. Bajeti ya mwaka 2008 iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250, na katika muda mfupi mashine za cc 100 na 150 zikawa ajira ya vijana wa kila kaunti. Serikali ilifungua mlango wa kuingia. Jinsi ya kuishi juu ya chombo hicho saa kumi na mbili kwa siku, wenyewe walijifunza.

Kirinyaga Road

Vibao vya barabarani vinasema Kirinyaga Road. Mafundi wanasema Grogon, na ukilitaja lile jina la kwenye kibao wanakutambua papo hapo kuwa mgeni. Barabara hii inaambaa na Mto Nairobi ukingoni mwa katikati ya jiji, maduka ya vipuri yakiwa yamebanana mlango kwa mlango. Minyororo inaning'inia milangoni, matairi yamepangwa hadi darini, na kati ya duka na duka kuna mtu na cherehani, mtu na jiko la chai, mtu na mashine ya kuchomelea. Asubuhi hunywewa chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi yakiwa bado moto, na mazungumzo ni ya bei ya petroli.

Grogon ni jina la zamani, lililotokana na Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, safari aliyoimaliza mwaka 1900. Mizigo yake ilisafiri vichwani mwa wapagazi. Mwezi wa Machi 1907 Grogan aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, wanaume watatu Wakikuyu waliokuwa wavuta riksho, akidai kwamba waliwakosea heshima wanawake wa kizungu. Alipewa kifungo kifupi. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1899 tu. Wavuta riksho ndio waliokuwa wakiwachukua watu na vitu vyao katika mji ule mchanga, na barabara iliyopewa jina la aliyewapiga leo inaishi kwa fedha za wabebaji wa kizazi kingine.

Fundi niliyekaa naye muda mrefu zaidi alikuwa mshonaji wa turubai, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ni ile aproni inayoonekana mara nyingi Nairobi: kipande cha turubai kinachofungwa kwenye chuma cha kukinga miguu, mbele ya pikipiki, ili dereva asilowe magoti wala asipigwe na baridi. Jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa saa kumi na moja alfajiri huingia mpaka kwenye mifupa.

Aproni ikiwa imefungwa huoni siri yake. Igeuze. Upande wa ndani, unaomtazama dereva, una mifuko. Mzee alishona miwili mipana upande wa kushoto na mmoja mwembamba juu yake, midomo yake akaiinamisha kidogo kuelekea ndani, na kila mmoja akaupa ulimi unaokunjwa mara mbili ndipo ufungwe. Upande wa kulia hakushona mfuko wowote. Bomba la ekzosi linashuka upande huo kutoka kwenye injini, na turubai likiligusa litaungua. Katikati aliacha uwazi wa upana wa viganja viwili, kwa sababu injini ya Boxer hupozwa na upepo tu, na ukiiziba mbele utaipika.

“Mzee, niongezee mfuko hapa katikati,” kijana mwenye pikipiki alimwomba.

“Hapo ni pua yake, kijana wangu. Utaizibaje pua?”

Kijana hakubisha. Alilipa, akaenda zake, na mzee akavuta turubai la mteja aliyefuata.

Biashara ya mshonaji huyu ilipata nguvu kutokana na sheria ambayo haikuwalenga watu wa pikipiki. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kabla ya siku hiyo dereva aliyenyeshewa aliomba mfuko wa plastiki dukani, akafunga simu, akafunga stakabadhi, akafunga hata viatu vya abiria. Baada yake ilibidi kila kitu kisichotaka maji kipate nyumba ya kudumu juu ya pikipiki. Mimi naona ilikuwa faida. Mfuko wa bure hutupwa na haumfundishi mtu kupanga. Mfuko ulioshonwa mahali pake humfanya dereva aupeleke mkono gizani na kupata anachotaka.

Dereva mmoja mzaliwa wa Vihiga alikubali kunitolea kila kitu alichobeba na kukipanga kwenye gunia, kando ya mtaro. Spana namba kumi na namba kumi na nne, spana ya plagi, plagi ya akiba ndani ya kipande cha mpira, balbu iliyofungwa kwa soksi ya mtoto, viraka na gundi, kopo la Vaseline lenye sarafu, nakala ya leseni iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, kofia nyepesi za nywele kwa abiria wanaoogopa helmeti ya watu wote, chaja, koti la mvua lake na la abiria. Nilidhani amemaliza. Akanionyesha waya wa klachi wa akiba. Hakuuweka mfukoni, aliulaza sambamba na ule unaofanya kazi, kutoka usukani hadi kwenye injini, akaufunga kwa vibanio. Wa kwanza ukikatika, anaunganisha ncha mbili tu na kuendelea. Waya ule unasafiri bila kuchukua hata sentimita moja ya nafasi, na sijaona mpango mzuri zaidi ya huo katika njia yote.

Kenyatta Avenue na City Market

Kutoka Grogon niliingia katikati ya jiji kwa miguu. Bodaboda za abiria zimepigwa marufuku humu zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 2018, na ingawa amri hizo hulegea na kukaza kama mkanda wa suruali, madereva wengi hupendelea kumshusha mtu ukingoni kuliko kukimbizana na askari wa kaunti. Pikipiki za kupeleka bidhaa ndizo unazoziona zaidi.

Kenyatta Avenue ina mnara ambao wapita njia wengi hawauangalii tena. Ulizinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Vikuu vya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Juu ya jiwe kuna wanaume watatu wa shaba: askari wa King's African Rifles, Mwarabu mwenye bunduki, na mpagazi wa Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Silijui jiji jingine la eneo hili lililomweka mbebaji wa mizigo juu ya jiwe, katika barabara yake kubwa, bega kwa bega na wenye bunduki.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye soko la City Market mtaani Muindi Mbingu, wauza maua hufunga mawaridi kwa ajili ya ofisi na harusi. Maua ni mzigo mgumu kwa pikipiki kwa sababu hayana uzito, upepo huyapasua. Nilimtazama dereva akiyapakia. Alichukua ndoo iliyokatwa nusu, akaweka sponji yenye maji chini, akasimamisha mashada ndani ya karatasi ya khaki, kisha akaifunga ndoo mbele yake, kati ya tenki na kifua, ili mwili wake ndio uyakinge maua na upepo. Boksi kubwa jeusi la nyuma lilibaki tupu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwa upole kwamba boksi hupiga vitu huku na huku, naye hapigi kitu.

Westlands

Siku iliyofuata tulipanda Waiyaki Way. Juu yetu lilipita daraja refu la Nairobi Expressway, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo pikipiki haziruhusiwi kulipanda. Chini yake, kwenye kivuli cha saruji, bodaboda zilikuwa zimekimbilia mvua.

Westlands ni mji wa maboksi. Nje ya Sarit Centre, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1983, pikipiki za kupeleka chakula hupangwa mstari mmoja na kila moja ina boksi la mraba mgongoni. Uber Eats ilifika Nairobi mwaka 2018, Glovo mwaka uliofuata. Jumia ilifunga huduma yake ya chakula mwishoni mwa mwaka 2023. Kampuni zinakuja na kuondoka, maboksi yanabaki. Moja lilikuwa na nembo iliyopakwa rangi nyeupe mpaka ikawa kivuli, na ndani yake mwenyewe alikuwa ameweka ubao wa kuligawa ghorofa mbili, chakula cha moto chini, vinywaji baridi juu, na blanketi kuukuu katikati.

Boksi humfanya dereva awe mtu wa mizigo tu. Likiwa limefungwa kwa bolti juu ya kiti, abiria hana pa kukaa, na siku ambayo simu hailii, dereva huyo hawezi kujiokoa kwa kumpeleka mtu Parklands. Wanaofanya kazi zote mbili huepuka boksi gumu. Wanatumia mfuko wa mgongoni, au wanafunga boksi kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu za matairi, ambayo huifungua kwa dakika moja. Mpira huo wa tyubu ndio nguzo ya ubebaji wote Nairobi. Haukati mzigo, haulegei mvuani, na ukichoka hupatikana mwingine kwa fundi wa pancha kwa shilingi chache.

Hapa pia ndipo pikipiki za umeme zinapoonekana kwa wingi. Uber ilianza kuzitumia Nairobi mwaka 2023, na kampuni za Roam, Ampersand, ARC Ride na Spiro zote zina magurudumu barabarani. Kwenye Roam Air kuna mahali pa betri mbili. Anayefanya safari fupi hubeba betri moja, na mahali pa pili hupata kazi nyingine: koti, viatu, chupa ya maji. Aliyezoea Boxer akikaa kwenye pikipiki hiyo kwa mara ya kwanza hutazama shimo hilo kabla hajauliza bei ya chaji.

Kangemi

Waiyaki Way inapanda, nyumba zinasogeleana, na ghafla uko Kangemi, sokoni, katikati ya sukuma wiki, ndizi na viazi vilivyoshushwa usiku. Barabara hii inamkumbuka Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa upande huu aliyempokea Mwingereza Frederick Lugard mwaka 1890 alipojenga ngome Dagoretti. Uhusiano uliharibika haraka. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa pwani, akafia njiani Kibwezi. Misafara ya wakati ule ilipita kwenye miinuko hii ikitafuta chakula cha kununua kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea Uganda. Chakula bado kinapita hapa mabegani na mgongoni, ila sasa kinaelekea upande wa pili, mjini.

Mama muuza mayai alikuwa akipakia. Trei moja ina mayai thelathini, na mtu wa pikipiki wa kawaida hubeba trei kumi bila wasiwasi. Mayai hayawekwi kwenye keria ya chuma. Huwekwa juu ya kiti, kwa sababu sponji ya kiti humeza mitikisiko ambayo chuma kingeipeleka moja kwa moja kwenye maganda. Ubao chini, trei tupu juu, ubao tena, kisha mpira wa tyubu mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu. Mama aliujaribu kwa kidole.

“Kaza kidogo, mwanangu.”

“Nikikaza zaidi mama, ya chini yatalia.”

Alikubali. Baada ya kona ya kwanza dereva alisimama, akashuka, akakaza. Mzigo wowote, akaniambia, hukaa vizuri baada ya kutikiswa kidogo, na anayefunga mara moja tu hafiki.

Kawangware

Kutoka Kangemi tuliteremka James Gichuru Road kupitia Lavington, kwenye kuta ndefu na maua ya zambarau juu yake, kisha tukaingia Kawangware, ambako hakuna ukuta na kila mtu yuko nje. Kibanda cha chapati na maharagwe kilitupokea. Chapati za hapa ni nene, zinakunjwa mara nne na kuchovywa kwenye mchuzi. Madereva huyaita maharagwe hayo madondo na huagiza kwa sauti kutoka juu ya pikipiki.

Mjini walibeba bahasha na maua. Kawangware wanabeba maisha: mitungi ya gesi ya kilo sita na kilo kumi na tatu, magodoro yaliyoviringishwa, madebe ya maji, kitanda kilichofunguliwa vipande, mama na mtoto mchanga na mfuko wa shule. Sheria ya trafiki tangu mwaka 2012 inataka dereva na abiria wote wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja. Kwenye lami karibu na askari, wengi wanaitii. Ndani ya vichochoro niliona watoto watatu wa shule juu ya pikipiki moja, wa mbele akiwa amekaa juu ya tenki. Hilo sitaliita ubunifu wa nafasi. Tenki si kiti, na mtoto hafungwi kwa mpira wa tyubu.

Sheria hiyo yenyewe ilizaa swali la kuhifadhi: helmeti ya abiria inakaa wapi pikipiki ikiwa haina abiria? Wengine huivisha kwenye kiwiko, hatari tupu wakati wa kugeuza usukani. Wengine huitundika kwenye keria, inagonga taa ya nyuma mpaka taa inavunjika. Jibu la Kawangware ni kulabu iliyochomelewa kwenye chuma cha kukinga miguu, upande wa kushoto, helmeti ikitazama chini ili isijae mvua. Ndani yake dereva mwangalifu huchomeka jaketi la kuakisi la abiria. Vitu viwili vya sheria, mahali pamoja, na mkono unavifikia bila kushuka.

Dereva mkongwe wa steji ya hapa, yaani kituo cha bodaboda, ndiye aliyenipa kanuni ya uzito, akiichora kwa kijiti kwenye matope. Kizito kikae mbele ya ekseli ya nyuma, na kikae chini. Mtungi wa gesi husimama wima ukiegemea mgongo wa dereva. Godoro, ambalo ni pana lakini jepesi, ndilo linaloweza kupita nyuma. Ukiuvusha uzito nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kwenye mlima wa Lavington usukani utaanza kucheza mkononi. Aliyasema haya bila haraka, akifuta mchoro kwa soli ya gambuti na kuuchora tena mpaka aliporidhika kwamba nimeelewa.

Dagoretti

Asubuhi ya mwisho tulipita Dagoretti Corner kabla ya mapambazuko, maseremala wa Ngong Road wakiwa hawajafungua, tukashika njia ya kuelekea Dagoretti Market. Huku ardhi ni nyekundu, migomba inaota kwenye mabonde, na ng'ombe waliotoka mbali husubiri nje ya machinjio. Sehemu kubwa ya nyama ya Nairobi hupitia hapa.

Nyama ina sheria zake. Haiwezi kufungwa juu ya kiti kama mayai wala kutiwa kwenye boksi lililobeba chakula cha jana. Inasafiri ndani ya sanduku lake, lililopigwa bati laini ndani, lenye mfuniko unaofunga kabisa na neno MEAT ubavuni, baada ya mkaguzi kupiga mhuri. Dereva niliyemfuata huanza saa kumi na moja na nusu. Sanduku lake limekaa juu ya fremu ya chuma ambayo fundi aliisukuma mbele sentimita kadhaa, ikakiingia kiti, ili uzito uje karibu na mgongo wake. Ilikuwa kanuni ile ile ya Kawangware, safari hii ikiwa imechomelewa. Vipande vikubwa chini, matumbo kwenye ndoo yake yenye kifuniko, stakabadhi ya mkaguzi kwenye mfuko wa aproni upande wa kushoto.

Alipeleka kwa mabucha ya Kawangware na Riruta, akarudi mara ya pili, na saa tatu kasoro alikuwa amemaliza. Kisha akaomba maji ya moto kwa mama wa supu, akasugua sanduku ndani kwa sabuni na brashi, akaliacha wazi juani. Fremu inashikiliwa na bolti nne. Alizifungua kwa spana namba kumi na nne, ile ile inayokaa kwenye kijisanduku cha kiwandani, akaacha fremu na sanduku chini ya ulinzi wa machinjio mpaka kesho. Akafuta kiti, akachomoa helmeti kwenye kulabu na jaketi ndani yake, akanipa. Nauli hadi Kawangware ilikuwa shilingi mia moja, na alinitaka nipande upesi kwa sababu steji ilikuwa na abiria wengine wanaosubiri.